Mtoto Huku, Dume Kule

Katika mtaa wa Derb Rommana, upande wa juu wa mji wa Taza, hakuna mwanamke aliyepata kuoga bila kupita mbele ya Mahjuba. Alikaa mlangoni pa hammamu, bafu la mvuke la mtaa mzima, juu ya benchi la saruji lililotandikwa ngozi ya kondoo, akipokea nguo, viatu, bangili na umbea, na vyote alivirudisha salama kwa wenyewe isipokuwa umbea. Kazi ile aliirithi kwa shangazi yake baada ya kuachwa na mume wa pili. Wa kwanza alikufa. Wa pili alimpeleka kwa kadhi akalalamika kwamba mke wake anajua mno mambo ya watu. Kadhi akauliza, anajua yapi? Mahjuba akaanza kusimulia, na alipokaribia ukoo wa kadhi mwenyewe, talaka ikatoka upesi kuliko mkate tanurini.

Wanaume walioga tangu alfajiri mpaka jua linapokuwa kali. Wanawake walishika zamu baada ya adhuhuri. Mlangoni Mahjuba hakuwa na kazi ngumu ila moja: wavulana. Mama huja na mwanawe wa kiume, mwaka huu mdogo, mwaka ujao mdogo, halafu siku moja si mdogo tena, na mama ndiye wa mwisho kuona. Hapo mlinda mlango humwambia maneno ambayo kila mwanamume wa nchi ile ameyasikia mara moja maishani, na hayasahau mpaka kaburini: "Mara nyingine mlete na baba yake kabisa."

Umri gani hasa? Mahjuba hakuwa na umri. Alikuwa na goti. Goti likimwuma, mtoto wa miaka mitano alikuwa shababi. Likimpoa, hata wa miaka tisa alipita na biskuti juu. Mwaka mmoja alimrudisha kitoto cha miaka minne kwa kuwa mama yake alimsengenya harusini. Wanawake walinung'unika, wakamwita dhalimu, wakaleta halua, mambo yakaenda.

Balaa lilianza siku ya kuogeshwa Ibtissam, bibi harusi. Bibi mmoja wa mtaani alikuja na mjukuu wake Anwar, wa miaka tisa, na bakuli la zeituni zilizotiwa ndimu. Zeituni zilikuwa nzuri, goti lilikuwa limetulia, Anwar akapita. Ndani, Ibtissam akiwa amezungukwa na mashoga zake, alisema kwamba kuskusi ya mama mkwe wake, zile punje za ngano za mvuke, ni kifusi, ukiimwagia maji unaweza kujengea ukuta. Wakacheka mpaka kuta zikajibu. Anwar alikuwa kwenye kona yake akichezea ndoo. Jioni bibi yake alimchukua kwenda kumpongeza mama wa bwana harusi, na palipoandaliwa kuskusi, mtoto akauliza kwa sauti ya adabu kama hii ndiyo ile ya kujengea.

Harusi haikuvunjika. Ila asubuhi iliyofuata nyumbani kwa bibi harusi ililetwa sinia kubwa ya kuskusi, na juu yake, badala ya karoti na malenge, palichomekwa mwiko wa fundi mwashi.

Khala yake Ibtissam, dada wa mama yake, Hajja Zhor, mshona kaftani, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha mvua, alishuka mlangoni kwa Mahjuba kama jiwe.

"Nani alimwingiza yule mpelelezi?"

"Mpelelezi gani, Hajja? Mtoto yule."

"Mtoto! Mtoto anatoa maneno humu mpaka kwa wakwe bila kudondosha hata herufi? Watu wazima wenyewe hawawezi. Wewe hasa huwezi!"

"Sasa mbona hukumwambia Ibtissam afunge mdomo?"

"Usinibadilishie maneno, Mahjuba."

Lakini hapo Zhor mwenyewe alipata shida. Huwezi kuwakusanya watu ukawaambia: mtoto wa dada yangu alimtukana mkwewe akafumaniwa, basi tubadilishe sheria. Hasira yake ilihitaji vazi la heshima zaidi, na Zhor alikuwa fundi wa mavazi. Kutoka hammamuni hadi kwenye cherehani yake si mbali, lakini maneno yalipofika pale yalikuwa yameshashonwa upya na kutiwa tarizi. Kuskusi ilikuwa imetoka kabisa kwenye kisa. Anwar naye alikuwa ameota ndevu.

"Dada zangu," aliwaambia mafundi na wateja wake, "mnakubali wanaume watutazame tukiwa uchi?"

Nani angesema ndiyo? Siku ile ile kundi likaundwa kwenye simu, likaitwa Sitara Yetu, na dai lake likawa moja: mvulana akitimiza miaka mitano asivuke mlango.

Upande wa pili wa mtaa alikaa mwalimu Ghita, mumewe yuko Uhispania akichuma pilipili kwenye mahema ya plastiki, na yeye yuko na mapacha wa kiume wa miaka saba, Ilyas na Iyad, ambao kuwaosha nyumbani kwa beseni ilikuwa sawa na kuosha paka wawili ndani ya gunia. Aliposikia, damu ilimchemka.

"Dada zangu," naye aliandika, "mnakubali watoto wachanga wang'olewe mikononi mwa mama zao?"

Nani angesema ndiyo? Kundi la pili likaitwa Kifua cha Mama.

Tangu siku ile neno "mvulana" lilikufa Derb Rommana, na halikupata hata wa kulisomea fatiha. Ilyas yule yule, mwenye pengo mbele na kamasi puani, akipita upande wa Zhor alikuwa mwanamume. Akivuka barabara kwenda upande wa Ghita alikuwa mtoto mchanga. Mwenyewe alipoulizwa na muuza mbegu za maboga yeye ni nani, alisema yeye ni golikipa.

Mahjuba alitaka kukaa kando. Lakini mlango ulikuwa wake, na kila kambi ilitaka mlango uiunge mkono. Zhor alimjia na simu mkononi, inarekodi.

"Lalla Mahjuba, sema mbele ya Mungu. Wewe unataka wanaume watuone uchi?"

"Hasha!" alisema Mahjuba. Ungesema nini wewe?

Ghita akaja naye na simu yake.

"Mama, sema tu ukweli wako. Unataka mtoto alale na uchafu kwa sababu baba yake yuko ughaibuni?"

"Hasha!"

Jioni sauti zote mbili zilikuwa zinazunguka mjini, na mlinda mlango wa hammamu alikuwa amejiunga na kambi mbili kwa neno moja. Sokoni wakamwita Lalla Hasha, yaani Bibi Hasha. Muuza samaki akamuuliza, "Unataka kilo mbili?" na kabla hajajibu, foleni nzima ikajibu kwa niaba yake.

"Hawakukuuliza swali," alisema Bushta, mchochea tanuri, mzee mweusi kwa masizi ambaye kazi yake ilikuwa upande wa nyuma, motoni. "Walikuvisha kofia, wakakuuliza kama una kichwa."

"Nyamaza we! Ungekuwa wewe ungejibu nini?"

"Mimi? Ningesema sisikii. Ndiyo faida ya kukaa karibu na moto."

Ndani ya hammamu kukawa na mpaka. Wa Sitara walichota bomba la kulia, wa Kifua bomba la kushoto, na maskini aliyekuja kutoka mtaa mwingine alikaa katikati akamwagiwa na pande zote. Jambo baya zaidi lilikuwa migongo. Zhor na Ghita walikuwa wamesuguana migongo kila Alhamisi tangu Ghita ni bibi harusi. Sasa kila mmoja alijisugua mwenyewe mpaka mkono ulipokoma, na katikati ya mabega ya kila mmoja kulibaki kipande kisichofikika, chenye rangi ya msimamo wake. Na wote walikuwa hivyo. Mahjuba aliyakagua mabega wakivaa, akisikitika kama mkulima anayetazama shamba lenye magugu.

Wanaume, ambao hakuna aliyewauliza, walikuwa na maoni mengi kuliko wote. Huko mkahawani ilikwishajulikana kwamba Ghita anatumwa na Paris na Zhor anatumwa na Ghuba, na kwamba suala si hammamu bali ni mwisho wa taifa. Bushta alipouliza kama kuna mmoja wao aliyekuwa tayari kumpeleka mtoto wa jirani kuoga asubuhi, mazungumzo yaligeukia mpira.

Mwenye hammamu, Haji Laayashi, aliyeishi Fes na kuuchukia ugomvi kama paka anavyochukia maji, alituma ujumbe kwamba jumuiya ya mtaa ifanye mkutano, na lolote watakalokubaliana atalibandika mlangoni.

Sasa kulikuwa na jambo moja ambalo kambi zote hazikulijua.

Kati ya zamu ya wanaume na ya wanawake kulikuwa na mwanya. Wa mwisho wa wanaume huondoka na taulo shingoni, Bushta huongeza kuni, na mvuke hukaa peke yake ndani bila mtu. Katika mwanya huo, mara moja kwa juma, aliingia Rkia na mwanawe Abdelwahed, aitwaye Wahid.

Wahid alikuwa na miaka ishirini na mingine juu, mabega kama ya mchukuzi, ndevu nzuri za kumtia wivu imamu, na akili iliyosimama kwenye umri ule ambao Ilyas na Iyad walikuwa bado wanaupita. Baba yake alipokuwa hai alimwosha kwenye zamu ya wanaume. Baba alipofariki, mjomba alijaribu mara moja. Vijana walimcheka, mmoja akammwagia maji ya baridi kwa mzaha, na Wahid akatoka mbio vile alivyozaliwa mpaka kwenye duka la muuza maziwa, akajificha nyuma ya madebe akilia. Hakukubali tena kuingia mahali penye wanaume wengi. Nyumbani kulikuwa na chumba kimoja na beseni. Rkia alikwenda kwa Mahjuba akasimama mlangoni bila kusema neno, kwa sababu hakulijua neno la kusema.

"Njoo wakiondoka wale, kabla hawajaja hawa," Mahjuba alisema. "Mvalishe kaptura. Na mwambie asiimbe."

Kaptura alivaa. Kutoimba hakuweza. Aliimba wimbo mmoja alioutunga mwenyewe juu ya punda, na kila juma punda yule alifika mahali papya. Mahjuba aliweka benchi lake kwenye kizingiti na kuzuia mlango kwa mwili wake. Bushta alipiga kuni kwa nguvu zaidi ili wimbo usisikike nje. Hakuna aliyeliita jambo lile haki, wala aibu, wala chochote. Halikuwa na jina, na kwa hiyo halikuwa na adui.

Juma la mkutano, Zhor alikuja mapema kabla ya zamu, na bango la kambi yake kwapani, atundike mlangoni kabla Ghita hajatundika la kwake. Mahjuba alikuwa amekwenda uani kumwita Bushta kwa ajili ya bomba lililoziba. Rkia alikuwa ndani zaidi akijaza ndoo. Zhor akasukuma mlango. Akaona, katikati ya mvuke, mwanamume mkubwa mwenye ndevu anamjia, maji yanamchuruzika, anaimba habari za punda.

Ukelele ule, wanasema, ulisikika mpaka stendi ya mabasi ya bondeni.

Kabla ya alasiri simu zote zilikuwa zimeshiba. Mwanamume mwenye ndevu kakutwa katika hammamu ya wanawake! Mlinda mlango alikuwa anamficha! Kundi la Sitara likapata watu kutoka mitaa ambayo hata hammamu haina. Zhor hakuandika neno. Wengine waliandika kwa jina lake.

Kambi ya Kifua cha Mama siku ya kwanza ilinyamaza kwa fedheha. Siku ya pili Ghita aligundua ni nani yule mwenye ndevu, na macho yakamng'aa. Alikwenda kwa Rkia na sukari na chai, akamkumbatia, akalia machozi ya kweli, akampiga Wahid picha akicheka. Siku ya mkutano picha ile ilikuwa kubwa kama mlango, imebandikwa kwenye ukumbi wa jumuiya, na chini yake maandishi mekundu: HUYU NDIYE MNAYEMWOGOPA?

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Haji Laayashi alikaa mbele akijipepea na ufunguo wa gari. Mahjuba aliitwa mbele. Alikuwa amevaa jilaba, joho lake refu la Idi.

"Lalla Mahjuba," alianza mwanamke mmoja wa Sitara, mkali, aliyekalia kiti cha Zhor kwa sababu Zhor alikuwa amejikunyata nyuma kabisa, "jibu kwa neno moja. Uliingiza mwanamume?"

"Nilimwingiza Wahid wa Rkia."

"Sikuuliza jina. Ni mwanamume, si mwanamume?"

"Ni… mwanamume."

Nusu ya ukumbi ikalipuka. Ghita akasimama kwenye kiti.

"Na mimi niulize! Ni mgonjwa asiyejiweza, au siyo?"

"Anajiweza. Anabeba gunia la unga kwa mkono mmoja."

"Mama, nisaidie basi! Ni mtoto moyoni au siyo?"

"Moyoni ni… ni Wahid tu. Mbona mnaniuliza kitu ambacho…" Akakwama. Alikuwa na maneno mengi maisha yake yote, ya kumtoa mtu nyongo na ya kumwoza binti, na siku ile aliyoyahitaji yalimkimbia yote kama kuku. "Hasha," akasema, bila kujua anakataa nini, na ukumbi mzima ukacheka, kambi zote mbili, kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Rkia hakucheka. Alinyanyuka kutoka safu ya mwisho, mwanamke mfupi asiyezoea kutazamwa, akapita katikati ya watu mpaka kwenye ile picha. Akaishika pembe ya juu, akaibandua polepole ili isichanike usoni, akaikunja.

"Rkia, dada yangu," Ghita alisema, "sisi tuko upande wako."

"Mwanangu hana upande. Ana jina." Akawageukia wa Sitara. "Na nyinyi mnalijua jina lake tangu azaliwe. Tangu juzi mnamsema mtaa mzima, mnamtetea na mnamlaani. Anapita kila siku. Nani kamsalimia?"

Akatoka. Kila kambi ikatazama kambi nyingine ione kama ndiyo iliyokemewa.

Kisha wakapiga kura.

Haji alibandika tangazo. Mvulana zaidi ya miaka sita hapiti. Mwanya wa mchana umefungwa, kwa usalama. Mlinda mlango apumzike kwa muda. Sitara walishangilia kwa kuwa umri umewekwa. Kifua walishangilia kwa kuwa haukuwa mitano. Mahali pa Mahjuba pakakaliwa na shemeji yake Haji kutoka Fes, mwanamke wa utaratibu, aliyedai kitabu cha familia kwa kila mtoto, na asiye nacho akampima kwa nywele. Juma la kwanza aliwakataza wasichana wawili walionyolewa kwa ajili ya chawa, na akamruhusu mvulana mmoja mwenye nywele ndefu mpaka kiunoni. Mama wa wale wasichana alitishia kuwavua nguo papo hapo barabarani athibitishe. Mapacha wa Ghita, kwa kuwa walikuwa wamevuka sita, walikabidhiwa kwa Bushta waoge na wanaume alfajiri. Walirudi wakiwa safi kama sahani, na matusi mapya ambayo Ghita, pamoja na elimu yake, ilibidi aulize maana.

Wahid hakuoga. Rkia alijaribu kwa beseni; akapiga teke beseni, akavunja kioo, akaona damu mkononi mwa mama yake, akalia kuliko yeye. Na kila juma, siku ile ile, saa ile ile, alichukua ndoo yake akaenda kusimama mbele ya mlango wa hammamu uliofungwa. Hakubisha. Alisimama tu, akiimba habari za punda, mpaka mama yake aje amchukue. Watu walipita wakitazama ukuta.

Dirisha la chumba cha cherehani cha Zhor lilitazama mlango ule.

Mahjuba alivumilia majuma matatu nyumbani, akigombana na redio. Kisha akavaa jilaba akaenda kwa Zhor, ameshapanga matusi kwa mpangilio, kuanzia madogo. Alimkuta Zhor peke yake, mkasi mkononi, hariri ya kijani mezani, imekatwa upogo kama imetafunwa na mbuzi.

"Umekuja kunitukana," Zhor alisema. "Kaa kwanza, utachoka."

"Nitatukana nimesimama. Wewe, Hajja mzima, umekwenda umezunguka Kaaba, unarudi unampigia Wahid ukelele kama umeona jini!"

"Sikujua ni Wahid! Mvuke ule, ndevu zile! Ningejuaje? Niliogopa, Mahjuba. Mtu akiogopa anapiga kelele, hatoi hotuba." Akaweka mkasi. "Kabla sijamaliza kupiga kelele akanitambua. Unajua aliniitaje?"

"Sijui."

"Aliniita Mmi. Mama."

Mahjuba akakaa.

"Rkia alipomzaa alishikwa na homa ile mbaya," Zhor aliendelea. "Maziwa yakakauka. Mimi nilikuwa na binti yangu mchanga, na kifua kama mifereji ya Taza. Nilimnyonyesha yule miezi mingapi sijui, mmoja kulia mmoja kushoto. Ni mwanangu wa maziwa! Hata nikiwa na kichwa wazi mbele yake sina dhambi. Na ni mimi, katika wanawake wote wa mji huu, niliyempigia kelele kwamba ni mwanamume."

"Sasa mbona hukusema mkutanoni, mwanamke we?"

"Niseme nini? Nilipofika nyumbani walikuwa wameshaandika. Nilipotaka kuandika kwamba ni Wahid, wakanijibu: usilegee, Hajja, tunaelewa wamekutisha. Wananitetea dhidi yangu mwenyewe! Na upande wa pili Ghita keshamtundika mtoto ukutani kama bei ya nyama. Ningesema chochote wangeuliza, uko na sisi au uko nao?"

Matusi yaliyobaki Mahjuba akayaweka akiba. Wakanywa chai. Nje, ndoo ya Wahid ilisikika ikigonga ukuta.

"Tukisema ni huruma kwa mgonjwa," Zhor alisema, akitazama dirishani, "Ghita atapiga vigelegele kwamba ameshinda, na wangu watakataa kwa sababu yeye amefurahi."

"Na tukisema ni mwanao wa maziwa, watamleta mufti, na mufti ataleta mufti mwenzake."

"Basi tusiseme habari zake hata kidogo." Zhor akanyoosha ile hariri iliyoharibika, jicho la fundi likarudi. "Ile sakafu, Mahjuba. Tangu uondoke inateleza?"

"Shemeji yake Haji hajui hata fagio linashikwa wapi. Ina utelezi kama ulimi wa mwanasheria."

Zhor akachukua simu, akampigia Haji Laayashi. Hakutaja sitara. Hakutaja mama, mtoto, wala dume. Alisema, kwa sauti ya majonzi, kwamba sakafu haioshwi kati ya zamu, kwamba wiki hii mke wa afisa mmoja aliteleza nusura avunjike nyonga, na kwamba mumewe ni mtu wa kushtaki. Mke wa afisa hakuwepo. Mungu amsamehe Zhor, ndiye aliyemzaa pale pale. Haji alikubali kabla hajamaliza. Usafi! Lazima! Mwanya ufunguliwe, mlango ufungwe kwa komeo kwa wengine wote, na Mahjuba arudi kusimamia, kwa kuwa shemeji yake analalamika baridi.

Zhor alivuka barabara mwenyewe na karatasi mkononi kwenda kwa Ghita, mara ya kwanza tangu vita. Walisimama mlangoni kama paka wawili.

"Nataka sahihi yako, mwalimu. Kuhusu sakafu."

Ghita alisoma mara mbili, akitafuta mtego. Kisha akainua macho. Hakuwa mjinga. Alitazama ng'ambo ya barabara, akaiona ndoo ya Wahid mbele ya mlango wa hammamu, akamtazama Zhor.

"Sakafu tu?"

"Sakafu tu."

"Nilimkosea Rkia kwa ile picha," Ghita alisema taratibu. "Nilienda kumwomba radhi. Alinipa chai, hakunipa radhi." Akatia sahihi. "Lakini kuhusu miaka sita sijakubali, Hajja. Nitapigana mpaka mwisho."

"Na mimi nataka mitano. Geuka nikuone mgongo."

"Nini?"

"Geuka! Ya Rabi, umekuwa kama gamba la kobe. Njoo Alhamisi."

Kambi hazikuvunjika. Mpaka leo makundi yale mawili yapo, na kila mwaka kabla ya Ramadhani yanaamka, yanatukanana juu ya mwaka mmoja wa mtoto, yanalala. Lakini juu ya kuosha sakafu hakuna aliyewahi kuandika hata neno. Kulikuwa na mmoja mkahawani aliyejaribu kusema kwamba usafi nao una ajenda. Wakamwambia aende akaoge.

Siku ya kwanza ya mwanya mpya, Mahjuba alikaa kizingitini na ufagio mikononi. Rkia aliingia na mwanawe, na nyuma yao akaingia Zhor, na jilaba lake na hereni zake, akisema amekuja kutazama tu. Wahid alipomwona alifurahi mno. Alijaza ndoo, akaja nayo taratibu kwa adabu, akammwagia yote kichwani.

Maneno yaliyotoka kinywani mwa Hajja hayafai mtu aliyekwenda Makka, na wala mtu aliyekwenda Fes. Rkia alishika kinywa, kisha akacheka, kicheko cha tumboni, cha mtu aliyekisahau siku nyingi, mpaka akakaa chini. Kutoka nyuma, motoni, Bushta akapiga ukuta kwa koleo.

"We Mahjuba! Kuna nini huko?"

"Tunaosha sakafu!" alijibu Mahjuba, na akausogeza mguu wake ili mlango ufungike vizuri.